Jina la uongo juu ya kopo

Mwishoni mwa mwaka 2014, upande wa Ituri, vituo vya afya vilianza kupokea wagonjwa wa namna isiyozoeleka. Shingo imepindika upande mmoja. Macho yanatazama juu na hayashuki. Ulimi unatoka nje, taya limekazana, mtoto hawezi kumeza wala kunyonya. Mtu akimwona mtoto wake hivyo, ni rahisi sana kusema ni bulozi. Waganga wenyewe walifikiri kwanza kwamba ni menenjite.

Haikuwa bulozi, wala haikuwa menenjite. Ilikuwa kidonge kidogo cha rangi ya njano.

Kidonge kile kilitoka katika makopo makubwa yenye maandishi « diazepam », dawa ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Valium. Lakini sampuli zilipofika maabara, ilionekana kwamba ndani hamkuwa na diazepam. Kulikuwa na haloperidol, dawa kali ya wagonjwa wa akili, ambayo mtoto mdogo akipewa inaweza kumkaza misuli ya uso na shingo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa tangazo la hatari kwa inchi zote za jirani. Toka Desemba 2014 mpaka Agosti 2015, watu zaidi ya 1,000 walilazwa hospitali, wakiwemo watoto wengi. Watu 11 walikufa.

Muuguzi aliyetoa kidonge alisoma jina juu ya kopo na kuliamini. Mama aliyempa mtoto alimwamini muuguzi. Kila mmoja alifanya alichopaswa kufanya. Uongo ulikuwa umekwisha kuandikwa mbali, kabla kopo halijafika Ituri.

Ndiyo sababu juma hili tunataka kuzungumza juu ya sheria. Mtu anayeuza kitu cha hatari kwa jina la uongo, au anayeuza kitu kilichokatazwa, sheria inamwita nani? Adhabu yake ni gani? Na sisi wamama tufanye nini ili sheria ile isibaki maneno ya kitabu tu?

SHERIA YETU INALIITA KOSA HILI KWA MAJINA MATATU

Kitabu cha adhabu cha Kongo, kile kinachoitwa Code pénal, ni cha tarehe 30 Januari 1940. Kimerekebishwa mara nyingi, lakini vifungu tunavyovitaja hapa vinahusu mambo ya kila siku sokoni.

Jina la kwanza ni kudanganya mnunuzi. Kifungu cha 99 kinamwadhibu yule anayempa mnunuzi kitu kingine tofauti na kile walichopatana, au kitu kinachofanana kwa macho tu na kile mnunuzi alichofikiri ananunua. Adhabu ni kifungo kisichozidi mwaka mmoja, pamoja na amande, au moja kati ya hizo mbili. Angalia vizuri: hapa hakuna lazima mtu awe ameumia. Ukiomba dawa ya mbegu ukapewa majivu yaliyotiwa rangi, kosa limekwisha kufanyika pale pale mezani.

Jina la pili ni kuua au kuumiza bila kukusudia. Vifungu vya 52, 53 na 54 vinamhusu mtu aliyeleta mabaya kwa kukosa uangalifu, ingawa hakuwa na nia mbaya. Kama mtu amekufa, kifungo ni kutoka miezi mitatu mpaka miaka miwili. Kama mtu ameumia tu, ni kutoka siku nane mpaka mwaka mmoja. Amande inaongezwa juu.

Jina la tatu ni sumu ya kukusudia. Anayempa mtu kwa kutaka kitu kinachoweza kuua, au kinachoweza kuharibu afya yake vibaya, kifungu cha 50 kinamweka kati ya mwaka mmoja na miaka 20 ya kifungo. Kama alitaka kuua na mtu amekufa kwa sumu hiyo, kifungu cha 49 kinaandika adhabu ya kifo.

Juu ya vitabu vyote kuna Katiba ya mwaka 2006. Kifungu cha 55 kinasema kwamba kuingiza inchini, kupitisha, kuweka akiba au kumwaga takataka zenye sumu, au kitu kingine chochote cha hatari, ni jinai inayoadhibiwa na sheria. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba Kongo haina sheria juu ya mambo haya. Sheria ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu cha kumwonyesha hakimu.

VITU VINAVYOPOTEZA MAJINA YAO SOKONI

Tembea katika soko lolote kubwa, utaviona.

Kuna dawa ya kuua wadudu wa shamba. Inafika katika bidoni kubwa yenye karatasi ya maelezo, kisha inagawanywa katika chupa ndogo za maji au za sukari. Karatasi inabaki kwa mwenye bidoni. Mnunuzi wa chupa ndogo hajui jina, hajui kipimo, hajui baada ya siku ngapi anaweza kuvuna lengalenga na kuwapa watoto. Dawa nyingine zimekwisha kukatazwa kabisa. Endosulfan, iliyouzwa miaka mingi kwa jina la Thiodan, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya sumu zinazopaswa kuondolewa duniani. Lakini dawa iliyokatazwa ikitiwa katika chupa isiyo na jina, nani atajua kwamba ndiyo ile?

Kuna sumu ya panya inayofungwa katika karatasi kama chumvi au kama unga wa kikopo. Kuna sude ya kupikia sabuni, nyeupe, inayowekwa katika mfuko sawa na wa sukari. Kuna petroli na javeli katika chupa za Fanta. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini chupa ya Fanta anaijua vizuri sana.

Na kuna mafuta ya kujipaka ya kung'arisha ngozi. Mengine yana zebaki ndani, na juu ya kopo hakuna neno hilo. Zebaki inaharibu figo, na kwa mama mwenye mimba inamfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata, uliopokelewa mwaka 2013, uliweka mafuta ya namna hiyo katika vitu vya kuondolewa sokoni mwisho wa mwaka 2020. Ukisoma juu ya kopo neno « mercure », « calomel » au « cinnabaris », ni zebaki ile ile imevaa nguo nyingine. Na kopo lisilo na orodha ya vitu vilivyomo, wala jina la aliyelitengeneza, halistahili ngozi yako.

NA KAMA MUUZAJI NI MMOJA WETU?

Tuseme ukweli. Katika vikundi vyetu kuna wamama wanaouza vitu hivi. Mama ana watoto sita, anahitaji pesa ya masomo, anachukua bidoni moja kwa mkopo na kuigawanya katika chupa ndogo. Hana nia ya kumuumiza mtu. Atasema: « Miye nimeuza tu kama wengine. Sikujua. »

Katika jina la kwanza na la tatu, kutojua kunaweza kumsaidia, kwa sababu makosa yale yanataka mtu awe amekusudia kudanganya au kuumiza. Lakini katika jina la pili, kutojua si ngao. Sheria inauliza swali lingine: je, ulifanya ambacho mtu mwangalifu angefanya? Mtu mwangalifu hatii sumu katika chupa ya kinywaji. Mtu mwangalifu hauzi dawa ambayo yeye mwenyewe hajui jina lake. Hakimu haulizi kama ulikuwa na njaa. Anauliza kama uliangalia.

Kwa hiyo, mama muuzaji, jilinde na uwalinde wengine.

Usigawanye. Uza chupa nzima, imefungwa, na karatasi yake juu. Kama wateja hawawezi kununua nzima, wajiunge wawili au watatu, wanunue moja pamoja, na mmoja wao aitunze na karatasi yake.

Omba fakture kwa aliyekuuzia, hata kama ni kikaratasi chenye jina, tarehe na sahihi. Fakture ile ndiyo inayomtoa mwenye bidoni katika maficho yake. Bila fakture, mtu wa mwisho aliyeshika chupa ndiye anayebaki peke yake mbele ya polisi, na mtu wa mwisho ni wewe.

Usiweke sumu kwenye meza moja na unga, chumvi, samaki au maziwa. Na kitu usichojua jina lake, usikiuze. Faida ya chupa kumi hailipi siku moja ya buloko, sembuse uhai wa mtoto wa jirani.

INCHI NYINGINE ZILIFANYAJE?

Kesi hizi zinaonekana ngumu, lakini zimekwisha kufika mahakamani na zikahukumiwa. Tuangalie tatu, kwa sababu kila moja ina somo lake.

Marekani, mwaka 1937. Kampuni ya Massengill iliuza dawa ya maji yenye ladha tamu, iitwayo Elixir Sulfanilamide. Walioitengeneza waliyeyusha dawa katika diethylene glycol, maji mazito yenye sumu, bila kujaribu kwanza kama ni salama. Watu zaidi ya 100 walikufa, na 34 kati yao walikuwa watoto. Wakati ule sheria ya Marekani haikumlazimisha mtengenezaji kujaribu dawa kabla ya kuuza. Mashtaka yalishika wapi? Yalishika neno moja juu ya chupa. « Elixir » ilimaanisha dawa iliyoyeyushwa katika pombe, na ndani hamkuwa na pombe. Jina lilikuwa la uongo. Kwa uongo huo kampuni ilitozwa faini ya dola 26,100. Ilikuwa kidogo sana mbele ya makaburi yale, na watu walikasirika. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ikapata sheria mpya inayotaka dawa ihakikishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa.

Nijeria, mwaka 2008. Sumu ile ile, diethylene glycol, ilipatikana katika dawa ya watoto wanaoota meno, iitwayo My Pikin. Watoto 84 walikufa. Kampuni ya Barewa ilikuwa imenunua maji ya kuyeyushia dawa kwa muuzaji wa kemikali asiyekuwa na kibali, kwa jina la kitu kingine kisicho na sumu kama ile. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2013 mahakama ya Lagos iliwahukumu wafanyakazi wawili wa kampuni kifungo cha miaka 7, na ikaamuru kampuni yenyewe ifungwe na mali yake ichukuliwe na serikali.

Uzbekistani, mwaka 2022. Dawa ya kikohozi iitwayo Doc-1 Max, iliyotoka India, iliua watoto 68. Mwezi wa pili mwaka 2024 mahakama iliwahukumu watu 23, kutoka miaka 2 mpaka miaka 20 ya kifungo. Haikuishia kwa aliyeiuza tu. Wakubwa wa kampuni iliyoingiza dawa inchini walihukumiwa, na wakubwa wa serikali waliopaswa kuikagua wakahukumiwa pia. Tena mahakama iliamuru kila familia iliyofiwa ilipwe fidia ya karibu dola 80,000.

Mara tatu, kitu kimoja kilifungua mlango: chupa. Kulikuwa na chupa ya kupima, maandishi ya kulinganisha na kilichomo, na karatasi za kununulia za kufuata kutoka mkono mpaka mkono. Hata Ituri, vidonge vilivyobaki ndivyo vilivyosema ukweli. Kama vyote vingetupwa, mpaka leo watu wengine wangekuwa wanawashtaki wazee wa kijiji kwa bulozi.

SIKU ILE INAPOTOKEA NYUMBANI KWAKO

Mtoto kwanza, kesi baadaye. Kama amekunywa sude, javeli au petroli, usimlazimishe kutapika, kwa sababu kitu hicho kitamchoma mara ya pili kikipanda, au kitaingia katika mapafu. Usimpe mawese wala maziwa kwa kufikiri vitafuta sumu. Kama sumu imemgusa ngozi au macho, mwoshe na maji mengi safi na umvue nguo zilizolowa. Kisha kimbia kituo cha afya.

Unapokimbia, chukua chupa, kopo, au karatasi iliyofungia. Wamama wengi wanaitupa kwa hasira, au wanaiosha. Usiitupe, usiioshe, usiimwage. Ifunge ndani ya mfuko. Muganga akiijua sumu, anajua pa kuanzia. Na ikiwa ni dawa ya farmasi, bakiza vidonge vilivyosalia pamoja na pakiti yake. Watoto wa Ituri walikuwa na dawa ya kuwasaidia, lakini ilikuwa lazima kwanza kujua wanaugua nini.

Mtoto akitulia, mwite mtu anayejua kuandika. Andikeni tarehe na saa, mahali ulipokinunua, bei, maneno aliyokwambia muuzaji, na majina ya waliokuwepo. Fanyeni siku ile ile, kwa sababu kumbukumbu inachanganyika upesi. Piga picha kama kuna mwenye simu. Omba kituo cha afya wakupe karatasi inayosema walichokiona kwa mtoto, na uwaombe wapeleke habari kwa zoni ya afya. Kama ni dawa ya binadamu, zoni inaweza kuifikisha kwa ACOREP, shirika la serikali linalosimamia dawa. Kama ni bidhaa iliyotoka inje, OCC ndiyo yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia.

Mashtaka yanapelekwa kwa OPJ wa polisi au moja kwa moja kwenye parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Enda na mtu mwingine, vizuri zaidi na wamama wawili wa kikundi chako. Toa maandishi yako, lakini bakiza nakala. Chupa ukiikabidhi, omba karatasi inayosema wameipokea. Na useme kwamba unadai pia fidia. Kifungu cha 258 cha sheria ya mikataba kinasema kwamba yeyote aliyemletea mwenziwe hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa. Pesa ya hospitali, ya safari na ya kazi uliyokosa, zote ziandike.

MAMBO MAWILI TUSIYAFANYE

La kwanza: tusimpige muuzaji, tusichome butiki yake. Anaweza kuwa naye alidanganywa. Kundi la watu likichoma butiki, linachoma pia makopo, fakture na kila kitu ambacho kingetuonyesha aliyemuuzia. Mkubwa wa biashara ile anabaki nyumbani kwake, anacheka. Na waliochoma ndio wanaoingia buloko.

La pili: tusizike jambo kwa « arrangement ». Muuzaji anakuja usiku na mbuzi na pesa kidogo, wazee wanakaa, mambo yanakwisha. Tunaelewa kwa nini familia zinakubali: hospitali inadai, na kesi ni ndefu. Kupokea msaada wa kulipa hospitali si kosa. Lakini kosa la jinai si deni kati ya familia mbili, ni jambo la inchi nzima. Sumu ile bado iko mezani, na kesho mtoto wa mama mwingine ataikuta. Kama umepokea msaada, upokee mbele ya mashahidi, uandikwe kwamba ni wa hospitali, na mashtaka yaendelee.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika soko letu, ni vitu gani vya hatari vinauzwa bila jina? Nani kati yetu anaweza kwenda kuzungumza na wauzaji kwa upole, kabla mtu hajaumia?

2. Nyumbani kwetu, sude, petroli na sumu ya panya zinawekwa wapi? Ziko katika chupa gani?

3. Wamama wanaouza dawa za shamba wanaweza kununua pamoja ili wapate fakture na wasigawanye bidoni? Inahitaji pesa ngapi?

4. Ikitokea ajali, ni wamama gani wawili wako tayari kumsindikiza mwenzetu kwa OPJ? Andikeni majina yao leo, msingojee siku ya kilio.